Mhandisi Anajibu: Mita Haimjui Mwenye Nyumba

Safu hii hupokea maswali ya wasomaji kuhusu mitambo, huduma za umma na maisha ya kila siku. Barua za mwezi huu zimetoka Dodoma na wilaya za jirani, na anayezijibu ni mhandisi wa umeme ambaye ni mkazi wa Dodoma.

SWALI: Ndugu Mhandisi, mwaka 2024 tuliambiwa tuingize kwenye mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, mafungu mawili ya tarakimu 20 kabla ya fungu la tatu lenye umeme wenyewe. Mtaani kwetu wapo wanaoamini mpaka leo kwamba siku ile mita ziliwekewa kitu cha kutuchunguza, na wengine wanasema ndipo uniti zilipoanza kukimbia. Ukweli ni upi? (Msomaji, Chang'ombe, Dodoma)

JIBU: Ukweli ni kwamba mita zilikuwa zinakaribia kuishiwa na tarehe, na ilikuwa lazima ziwekwe sawa kabla siku yenyewe haijafika.

Mita ya kawaida ya LUKU haina laini ya simu wala intaneti. Haijui umelipia wapi, kwa simu ya nani, wala nani anaishi ndani ya nyumba. Kinachoifikia ni zile tarakimu 20 unazozibonyeza kwa kidole, na ndani yake, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa siri unaotambuliwa na mita yako peke yake, kuna idadi ya uniti ulizonunua na muda namba hiyo ilipotolewa. Muda huo ndio unaozuia namba moja isitumike mara mbili, kwa sababu mita hutunza kumbukumbu ya namba ilizokwisha kupokea, na hukataa iliyokwisha kutumika pamoja na ile inayoonekana kuwa ya zamani mno.

Sasa, kiwango cha kimataifa kinachofuatwa na mita hizi huhesabu muda kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani inabeba dakika 16,777,216 basi. Ukizigawanya kwa dakika 1,440 za siku moja utapata siku 11,650 na ushei, ambazo zinaishia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ilikuwa irudi sifuri, kama saa ya kilomita ya lori kuukuu inavyorudi ikishapita 99,999, na umeme ambao ungeununua Desemba ya mwaka huo mita ingeuona kuwa umetolewa mwaka 1993 na kuukataa. Jambo hili halikuipata Tanzania peke yake, kwa kuwa kila nchi yenye mita za kiwango hicho ililazimika kufanya kazi hiyo hiyo. Mafungu mawili ya kwanza yaliibadilishia mita ufunguo wake wa siri na kuifutia kumbukumbu ya namba za zamani. Sehemu inayopima umeme ndani ya mita ni nyingine kabisa, na namba hizo haziigusi.

Kama una shaka kwamba uniti zako zinakimbia, pima mwenyewe. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo inayomweka, na pembeni yake imeandikwa ni mara ngapi humweka kwa kila uniti moja, aghalabu mara 1,000 au 1,600. Zima kila kitu ndani ya nyumba na uitazame kwa dakika kadhaa: ikiendelea kumweka, kuna umeme unavuja au kuna waya unaolisha mahali usipopajua, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Ikitulia, washa birika la wati 2,000 peke yake kwa dakika tatu. Birika hilo litakuwa limekula sehemu moja ya kumi ya uniti, kwa hiyo mita ya mimweko 1,000 inapaswa kumweka mara 100 hivi. Tofauti ikiwa kubwa, una hoja ya kupeleka ofisini, tena hoja yenye namba.

Walioifanya kazi ile waliifanya kwa wakati na wanastahili kusifiwa. Lakini naamini kwa dhati kwamba mwananchi alistahili kuelezwa sababu kwa sentensi mbili katika kila tangazo, maana mtu aliyeambiwa tu kwamba kuna "maboresho", asiambiwe tarehe 24 Novemba inahusu nini, hana kosa akienda kutafuta sababu kwa jirani. Wenye mita nchi nzima waliombwa wazibonyeze wenyewe kwa mkono, na kazi ya namna hiyo haifanikiwi bila watu kuamini wanachokifanya. Hesabu mpya imeanzia tarehe 1 Januari 2014, kwa hiyo nayo itaisha tarehe 24 Novemba 2045. Ningependa tarehe hiyo iwe imeandikwa tangu sasa katika mipango ya wahusika, kwa sababu wengi watakaokuwa kazini siku hiyo leo wako shule ya msingi.

SWALI: Mhandisi, mimi ni mpangaji Ipagala. Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja, na kila mwezi anayetangulia kununua umeme ndiye anayekatwa shilingi 1,500 ya kodi ya majengo. Mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine, na tukimpigia anasema hayo ni mambo yetu na LUKU. Wewe kama mtaalamu unaonaje utaratibu huu? (Mpangaji, Ipagala)

JIBU: Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Kukatwa kupitia mita hakukuifanya iwe ya mpangaji, na kiasi chochote ulichokatwa una haki ya kukidai kipunguzwe kwenye pango. Tunza ujumbe wa kila manunuzi, kwa sababu unaonyesha kilichokatwa na tarehe yake, na mtakapoandikiana mkataba mwingine wa pango, mwombeni aweke kifungu kinachosema wazi kwamba makato hayo yatafidiwa. Hayo ni ya leo. Swali lako la utaratibu lina uzito zaidi, na ndilo ninalotaka kulikalia.

Utaratibu huu ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na baadaye ukapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nia yake naielewa, na sitaki kuidharau. Kabla ya hapo kodi hii ilikusanywa kwa ankara na kwa watu kupita nyumba kwa nyumba, wengi hawakulipa, na gharama ya kumfuata mtu wa elfu kumi ingeweza kuila hiyo elfu kumi yenyewe. Mita ilikuwepo tayari, ililipiwa kila mwezi, na haikuhitaji kubembelezwa. Kwa upande wa ukusanyaji, hiyo ni akili.

Tatizo ni kwamba serikali ilikuwa inamtafuta mwenye jengo, ikashika mita kwa sababu mita ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Vitu hivyo viwili havilingani. Mita moja inaweza kuhudumia familia sita ambazo hata moja haimiliki tofali. Nyumba moja inaweza kuwa na mita tatu, na mwenyewe akalazimika kwenda kuomba mbili ziondolewe makato. Jengo lisilo na umeme halionekani kabisa katika hesabu hiyo. Tena sheria imemsamehe mzee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba anayoishi, lakini mita haijui umri wa mtu, kwa hiyo mzee anakatwa kwanza, kisha anapanda bodaboda kwenda ofisini kuthibitisha kwamba ni mzee, wakati tarehe yake ya kuzaliwa imo kwenye kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Mashine imepunguza kazi ya mkusanyaji na kuihamishia kwa mzee na kwa mpangaji, yaani kwa watu wawili ambao sheria haikukusudia kuwagusa.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo na imekwisha kugharimiwa. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima ilipitiwa na operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na taarifa zake zikaingizwa kwenye mfumo pamoja na mahali nyumba ilipo kwenye ramani. Jengo lina namba yake sasa. Mmiliki ana namba yake ya NIDA yenye tarakimu 20. Kiwanja chenye hati kina namba yake katika ofisi ya ardhi. Kazi ya kihandisi iliyobaki ni kuziunganisha namba hizo tatu, kisha ankara imfuate mmiliki kwenye simu yake kwa namba ya malipo ya serikali, popote alipo, hata kama ni mkoa mwingine. Mita ibaki kuwa njia mojawapo ya kulipia kwa anayependa, na anayeishi ndani ya nyumba yake atapenda, kwa sababu ni rahisi.

Wapo watakaosema kuunganisha kumbukumbu za ofisi tatu ni hatari kwa faragha za watu. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ofisi ya kodi inahitaji kujua nyumba namba fulani ni ya nani na kama mtu huyo amevuka miaka 60. Haihitaji picha yake, alama za vidole vyake, wala jina la mkewe. Mfumo unaweza kujengwa ujibu swali hilo moja na kunyamaza kwa mengine yote, na mhandisi anayejiita mhandisi anajua kuujenga hivyo.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mama yangu ni mkulima wa Mvumi, na kwa miaka mingi amekuwa pia akiponda kokoto. Laini yake imepotea, na kila tukienda kwa wakala kuirudisha, mashine inakataa alama za vidole vyake. Tumeambiwa turudi kesho mara nyingi. Tufanyeje? (Binti, Chamwino)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mashine ile husoma matuta madogo ya ngozi yaliyo kwenye ncha ya kidole na kuyalinganisha na yale yaliyochukuliwa mama alipojiandikisha NIDA. Mawe, jembe, sabuni kali na umri huyasaga matuta hayo, na ngozi kavu ya kiangazi chetu cha Dodoma huongeza shida, kwa sababu ngozi isiyo na unyevu haigusi kioo vizuri. Mwoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu, mpake mafuta kidogo sana, mfute, kisha mjaribu papo hapo. Mwombe wakala afute kioo cha mashine na ajaribu vidole vyote vilivyosajiliwa, hasa vya mkono usiotumika sana, maana kidole cha pete cha kushoto mara nyingi hubaki salama wakati dole gumba la kulia limekwisha. Mama apumzike na kokoto siku kadhaa kabla ya kwenda, kwani ngozi hujirudishia matuta yake kwa kiasi fulani. Ikishindikana, acheni wakala wa barabarani, nendeni ofisi ya NIDA ya wilaya mwombe alama zake zichukuliwe upya.

Hayo ni yenu. Upande wa pili nawaambia wenye mifumo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jambo hili ni geni. Katika nchi ambayo wengi hula kwa jasho la mikono, mfumo unaotambua mtu kwa ngozi ya kidole utawakataa kwanza wale wanaofanya kazi ngumu zaidi, na hilo lilijulikana kabla mashine ya kwanza haijanunuliwa. Mashine inaposema hapana, lazima awepo mtu mwenye jina na cheo ambaye ameruhusiwa kwa maandishi kumtazama huyo mama, kutazama kitambulisho chake na picha iliyoko kwenye kumbukumbu, kisha kusema ndiyo na kuweka saini yake. Kumwambia arudi kesho ni kumwadhibu kwa kulima.

SWALI: Mhandisi, Dodoma ni makao makuu, lakini maji bado ni ya mgao. Kwa nini tusivute maji ya Ziwa Victoria tukamaliza tatizo? (Mkazi, Nkuhungu)

JIBU: Tuvute, lakini tusidhani yatamaliza, na tusikae na ndoo tukiyasubiri.

Uso wa Ziwa Victoria uko kama meta 1,134 kutoka usawa wa bahari, na Dodoma iko kama meta 1,120. Ukitazama namba hizo mbili utadhani maji yatateremka yenyewe. Lakini katikati kuna karibu kilomita 700 za safari, na njia inapitia nyanda za Singida zilizo kwenye meta 1,500 hivi. Kila meta moja ya ujazo, yaani lita 1,000, itabidi ipandishwe zaidi ya meta 350, na kwa pampu za kawaida hiyo ni zaidi ya uniti moja ya umeme kabla hujahesabu msuguano wa bomba, matengenezo na maji yatakayotolewa njiani kwa miji na vijiji ambavyo navyo vina kiu. Umeme wa kufanya hivyo sasa upo, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere pekee lina uwezo wa megawati 2,115, ila ankara ya pampu haitaisha maadamu maji yanapanda.

Wakati huo huo tunayo hazina tunayoichota bila kuitazama. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya maji ya mji huu imetoka katika visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Vipimo vya kina cha maji yake vimetunzwa tangu miaka ya 1950, na vinaeleza jambo ambalo kila mkazi wa Dodoma angepaswa kulijua: mvua ya kawaida hailijazi bonde hilo. Linajazwa na ile misimu michache ya mvua kubwa mno, na mjazo mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu hizo ulikuja na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Maji hayo huzama zaidi kupitia kwenye makorongo yenye mchanga, ambayo kiangazi yanaonekana kama ardhi tupu isiyo na mwenyewe. Watu wa Jiji walikuwa 410,956 katika sensa ya 2012, na mwaka 2022 wakafika 765,179. Tukipanga bajeti tunahesabu visima vilivyochimbwa na kilomita za mabomba, kwa sababu hivyo vinaonekana na vinazinduliwa. Maji yaliyorudi ardhini hayana sherehe. Mimi ningeyazuia makorongo yale yasijengwe, yasitupwe taka na yasichimbwe mchanga hovyo, hata kabla ya kutafuta mkopo wa bomba, na ningetaka kina cha maji ya Makutupora kitangazwe kwa wananchi kila mwezi kama inavyotangazwa bei ya mafuta.

Kuhusu nyumbani kwako, piga hesabu hii. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la bati la meta za mraba 100 likipata milimita 550 linapokea lita 55,000, na hata ukipoteza moja ya tano kwa kurukaruka na kusafisha bati, zinabaki lita 44,000. Familia ya watu watano wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku inahitaji lita 21,000 kuvuka miezi saba ya ukame. Tangi la ukubwa huo ni ghali, nakubali, lakini hata tangi la lita 5,000 linakupa siku 50. Ukilijenga, weka kichujio kwenye mfereji wa paa, mwaga maji ya mvua ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege, lifunike lisiingize mwanga wala mbu, na maji ya kunywa uyachemshe.

Na majengo makubwa ya umma, kuanzia shule za kata mpaka Mji wa Serikali wa Mtumba? Kila moja lina paa la kujaza matangi yake, na sioni kwa nini kibali cha kujenga jengo la umma katika mkoa huu kitolewe kwa mchoro usioonyesha maji ya paa yanakwenda wapi.

SWALI: Mheshimiwa Mhandisi, kampuni moja imetuletea kijijini pendekezo la kufunga mashine ya kuchotea maji kwa kadi. Kamati imegawanyika. Unatushauri nini? (Mjumbe wa kamati ya maji, Wilaya ya Bahi)

JIBU: Mashine hizo ni nzuri zikitunzwa, kwa sababu kila lita inaandikwa na hakuna fedha inayopita mkononi mwa mtu. Lakini maji mengi ya visima vya Bahi yana chumvi, na chumvi huganda kwenye vali na kwenye kipimo, kwa hiyo waulizeni kwanza mashine yao imewahi kufungwa wapi kwenye maji ya namna hiyo, kisha mtume wajumbe wawili wakaione na kuzungumza na wachotaji wenyewe. Dai koki ya pembeni inayofunguliwa kwa mkono, yenye ufunguo unaokaa kwa kamati, ili mashine ikizimika usiku wa manane au wiki nzima watu waendelee kuchota na kuandikwa daftarini. Vipuri viwe Dodoma mjini, wala si ng'ambo, na nywila ya mashine ikabidhiwe kwa chombo chenu cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kwa maandishi. Fedha za kadi ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya chombo hicho, na kampuni ilipwe kutoka hapo. Kama wanataka ziingie kwao kwanza kisha wawagawie, msitie saini, na nakala ya mkataba huo mpeleke kwa meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ausome kabla ya mkutano wa kijiji.